Bi Zuwena, Nilikusomea Uongo

Bibi yangu Zuwena,

Jana wamekusomea arubaini. Sikualikwa. Nilisikia sauti za kisomo nikiwa kwenye baraza ya zahanati yetu, nikaendelea kukunja bandeji kama mtu asiyehusika. Leo tangu asubuhi nimeshika kalamu, na Mchungaji anadhani naandika ripoti ya mwezi.

Nikupe habari za nyumbani kwako kwanza. Rahma, mke wa mwanao Seif, amejifungua mtoto wa kike Alhamisi iliyopita. Unajua wanawake wote wa Unguja waliozaa hapa Maskati tangu nije, mkunga wao ni mimi. Rahma hakuniita. Alimwita bibi mmoja wa Kibulushi, hawasikilizani hata neno, wakaelewana kwa mikono. Wote wazima. Jina la mtoto sikuambiwa, na sikuuliza.

Bibi, nina jambo la kukueleza, na nitalianza mbali kwa sababu naliogopa.

Nilikuja hapa nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Muheza, nimemaliza ukunga kwenye shule ya kanisa. Waliniambia kuna Waarabu wamekimbia Unguja, wamerudi kwao na Kiarabu hawakijui. Nikacheka, nikadhani mzaha. Mchungaji, ambaye ndiye daktari wetu pia, alikuwa na Kiarabu cha vitabuni na hana Kiswahili. Basi nikaletwa mimi niwe ulimi wake.

Siku zangu zote zilikuwa moja. Adhana ya alfajiri ndiyo iliyoniamsha, mimi Mkristo, kwa kuwa saa sikuwa nayo. Nachemsha sindano na mikasi, nasali mezani na Mchungaji na mkewe, nafungua mlango. Wagonjwa wamekwisha kujaa kwenye benchi. Na sheria ya zahanati yetu uliijua: kwanza neno, halafu dawa. Nilisimama mbele ya watu wanaotetemeka kwa homa na watoto wanaoharisha, nikawasomea Injili, na hakuna aliyeitwa ndani mpaka nifunge kitabu. Jioni nazunguka kwenye vibanda vya makuti ya mtende na mkoba wangu, natazama matumbo, nabisha hodi, nangoja waniulize juu ya imani yangu. Waliniuliza juu ya uzazi tu.

Wewe ulikuja na kidonda cha mguu, na maradhi ya sukari. Ukakaa mwisho wa benchi na tasbihi yako, ukanisikiliza mpaka mwisho. Nilipokuinamia kukufunga ukasema, "Wasoma vizuri, mwanangu, ila Kiswahili chenyewe kikavu kama mkate wa jana. Nani kakufunza?" Nilicheka. Hakuna aliyenichekesha tangu nishuke melini.

Baada ya hapo nikawa mtoto wa nyumba. Unakumbuka ile nazi niliyoipata kwa Mhindi wa Matrah? Mbuzi ya kukunia hukuwa nayo, ukatoboa mfuniko wa mkebe wa maziwa kwa msumari, ukakunia hapo mpaka vidole vikatoka damu. Ukapika wali, ukauweka sinia, ukakaa kuutazama muda mrefu bila kula. Kisha ukasema, "Kule walinambia mie Mwarabu, nende kwetu. Nimekuja kwetu, huku wananambia mie Mzanzibari. Basi hebu nambie, mie nna kwetu wapi?" Ukanisukumia sinia.

Hayo yote yalikuwa mapenzi, Bibi. Nataka ujue hivyo, ijapokuwa nilivyoyatumia ni vingine.

Mwaka wa pili ukapita. Mke wa Mchungaji aliniita jikoni akaniuliza kama kweli hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeongoka. Waumini wa kwenu Muheza wanatuombea kila Jumapili, akasema, lazima wasikie jambo. Hakunikaripia. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitesa. Niliona haya mbele ya watu walionisafirisha.

Wiki ile ile nilikuwa nakusafisha kidonda, kinakuuma, nikakwambia Yesu atakuponya. Ukajibu, "Nabii Isa nasi tunaye. Mie nnampenda tokea wewe hujazaliwa." Ukaendelea na tasbihi yako.

Nilikwenda kuliandikia gazeti la kanisa letu. Nitakuandikia hapa kama nilivyoandika, neno kwa neno, kwa kuwa kinywani mwangu hukuyasikia kamwe: "Zuwena binti Nasor, mama wa Kiarabu kutoka Unguja, amekiri kwa kinywa chake kwamba anampenda Yesu. Bado anawaogopa jamaa zake. Tumwombee avuke."

Jina lako. Jina la baba yako. Sikukuuliza.

Gazeti likayachapa. Mama yangu akaniandikia kwamba liliposomwa kanisani watu walipiga vigelegele, na yeye ameikata karatasi ile akaibandika ukutani. Nikafurahi! Siku mbili nilitembea kichwa juu.

Tanga kuna binamu yake Seif. Alinunua njugu, zikafungiwa gazeti lile. Akasoma jina la shangazi yake huku anatafuna. Akaikata karatasi, akaituma hapa ndani ya bahasha, na swali moja: ni kweli?

Seif alikuja nayo kwako mbele ya Rahma. "Mama, umeritadi? Umetoka katika dini?" Ukaapa. Hakujua amwamini nani, mama yake au maandishi. Akakukataza kutia mguu zahanati. Barua ya Tanga haikuwa moja, na nyumba za jirani zikajua. Wanawake waliokuwa wakija kula kwako wakawa wanapita mlangoni wamegeuza nyuso. Bi Khole, uliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani Unguja, akarudisha sahani yako ya vitumbua kama ilivyokwenda.

Nilijua, Bibi. Nilijua siku ile ile, na nikakaa wiki mbili sikuja.

Nilipokuja ulikuwa peke yako mkekani, mguu umeufunika kwa kanga. Hukunilaumu. Ulitoa ile karatasi chini ya mto, ukainyoosha. Wewe ulikuwa ukisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua zako zote hivyo. "Mie hizi herufi zenu sizijui," ukasema. "Seif kanisomea, sikumwamini. Nisomee weye."

Niliishika. Niliona maandishi ya chapa na jina lako katikati yake. Nikafungua kinywa, nikasoma hivi: "Zuwena binti Nasor, mama mwema kutoka Unguja, ametukaribisha nyumbani kwake na kutupikia wali wa nazi. Tumwombee afya."

Ulinitazama. Ukasema, "Hivyo tu?"

Nikasema, "Hivyo tu, Bibi."

Ukavuta pumzi. Uso wako ukakunjuka, ukashukuru Mungu wako, ukanishika mkono. Halafu ukakunjika tena, ukasema, "Basi mwanangu mwenyewe kanisingizia."

Hapo ndipo nilipokuua. Kidonda kilifuata baadaye.

Maana tangu siku ile hukusema na Seif. Alileta tabibu wa kienyeji kuutazama mguu, ukakataa asiingie. Rahma alikuletea uji, ukaupokea kwa ajili ya mimba yake, lakini Seif akibisha unageukia ukuta. Ulimwambia Rahma, "Yule kanitoa katika Uislamu ili asinilee." Na mguu ukapanda weusi. Niliunusa siku moja nikiwa dirishani. Ningeweza kuingia nikasema ukweli, na Seif angekubeba mgongoni mpaka kwa daktari. Nilisimama pale na mkoba wangu wa dawa. Nikarudi.

Ulikufa asubuhi. Nilikuja nikasimama nje na wapita njia. Ndani wanawake walikuwa wakibishana, na sauti zilitoka wazi: ataoshwaje, amekufa katika dini gani, nani atakayejitwika dhambi. Mwili wako umelala pale, wao wanajadiliana. Rahma, na tumbo lake la miezi minane, ndiye aliyepandisha mikono ya nguo akasema, "Tokeni. Nitamuosha mwenyewe." Wakatoka mmoja mmoja. Walinipita. Hakuna aliyenitemea mate, na nilikuwa nangoja.

Nilimwendea Mchungaji nikamwambia gazeti lisahihishe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema habari ile imewatia watu nguvu, tusiwavunje moyo. Nilimwandikia mhariri mwenyewe. Hajajibu.

Basi nilikwenda kwa Seif. Nilichagua baada ya swala ya alasiri, watu wamekaa barazani wanakunywa kahawa, na Bi Khole yuko ndani karibu na dirisha, anasikia. Sikukaa. Nilisema yote. Nilivyoandika, ulivyonipa karatasi, nilivyokusomea. Nilisema, "Mama yenu amekufa Muislamu. Hakupata kuwa kitu kingine."

Seif aliweka kikombe chini taratibu. Akasema, "Kwa hiyo mamangu kafa akijua mimi mwongo."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulikuja mpaka dirishani ukaona."

Nikasema ndiyo.

Hakuniinulia sauti. Aliingia ndani akafunga mlango, na wazee wale wakatazama vikombe vyao. Kesho yake Bi Khole alipeleka chakula kwa Rahma, sahani imefunikwa kawa. Rahma aliirudisha vile vile, kawa halijafunuliwa.

Mchungaji anasema nimeivunjia misheni heshima hadharani. Kibali changu cha kukaa hapa hakitaombwa tena. Nitapanda meli ya Mombasa mwisho wa mwezi, na mtu wa kunisindikiza sina. Benchi la asubuhi sasa linakaliwa na wachache, Waunguja hawaji. Mwenye homa anaugua kwao. Hilo nalo ni langu.

Sikuombi radhi, Bibi. Radhi huombwa kwa mtu awezaye kukunyima, na wewe nimekuondolea uwezo huo. Nakuahidi kitu kimoja ninachokiweza. Jumapili ya kwanza nikifika Muheza, kabla ya wimbo, nitasimama kanisani mbele ya mama yangu na wote waliopiga vigelegele, nitawaambia nilivyofanya na jina lako. Wakinitoa nje nitawaambia kutoka nje. Kisha nitakwenda nyumbani niibandue karatasi ile ukutani, mama akilia na alie.

Kaburi lako halina jina, ni mawe mawili tu, lakini nalijua. Nitapita kesho mapema kabla watu hawajatoka, nisiwatie watu wako aibu nyingine. Kwaheri, Bibi. Mungu akupe huko kwenu kwa kweli.

Ni mimi, Roza, uliyeniamini kuliko mwanao.