Kisiki cha Gorong'a

Da Zuhura, shikamoo.

Niko Gorong'a, Tarime. Asubuhi ni baridi kali, na ugali wa mtama unashibisha mpaka jioni. Nimekuja kutafuta huku bara aina ile ya mti ninayoichunguza huko kwetu Pemba. Bibi Robi, mwenyeji wangu, alinipandisha mlimani akanionyesha kisiki kikavu cha mti huo.

"Mwanangu, tulikata bila wasiwasi," akasema. "Tulijua kilima cha pili ipo mingine. Kumbe na watu wa kule walitutegemea sisi."

Tangu hapo situlii, maana hata mimi nilijipa moyo kwamba bara ipo mingine. Tafadhali nenda msituni leo hii, uokote mbegu chini ya ile miti miwili iliyobaki huko. Usinisubiri. Nakupenda, dada yangu. Mungu akupe miguu myepesi.

Mdogo wako,
Asha