Kabichi Ulizowachumia Wakimbizi

Mpendwa dada Masika,

Nakuita dada kama nilivyokuita tukiwa darasa moja hapa chuoni Butembo, ingawa haki hiyo niliipoteza.

Nyuma ya jengo la kilimo kulikuwa na kifusi tu. Wewe ndiye uliyetukataza kuchoma nyasi, ukasema tuzitandaze juu ya udongo, tufanye bustani. Nilikucheka. Msimu uliofuata maharagwe yalitambaa juu ya mahindi, na kabichi zikanenepa pembeni mwa migomba. Wanafunzi wakanichagua mkuu wa bustani, nami nikajiona kama niliyeianzisha.

Kisha vita vikaleta wakimbizi kutoka upande wa Beni. Walilala kwenye baraza ya jengo letu. Chuo kilikuwa kinangoja wageni waje kuitazama bustani, basi nikakataza mtu yeyote asichume.

“Batoto banalala na njaa, na weye unachunga kabichi?” uliniuliza.

“Bageni bapite kwanza,” nilikujibu.

Hukungoja. Asubuhi nilikuta tuta zima limevunwa, na sufuria zinachemka barazani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye bureau, ofisi ya wakubwa wa chuo, nikasema Masika ni mwizi. Walipokuita, hukujitetea sana. “Nimechuma, ndiyo. Lakini kuiba, hapana.” Wakakusimamisha masomo. Ukapanda lori kurudi kwa mama yako kule Mulekera. Lori lilishambuliwa njiani, nawe hukufika.

Wageni hawakuja. Njia zilikuwa zimefungwa. Kabichi za matuta yaliyobaki, nilizozilinda, zilipasuka, zikaoza.

Mama yako alipokuja kuchukua vitu vyako, aliniuliza, “Ni weye Kambale, rafiki yake? Sababu gani balimurudisha?”

“Sijue, mama. Nilimujua kidogo tu.”

Nilimbebea sanduku lako hadi barabarani. Alinishukuru, Masika. Shukrani ile bado inanichoma.

Siku hizi nafundisha hapa, na watu huisifu bustani kwa jina langu. Miaka yote hii nimekubali sifa hizo. Jumamosi iliyopita nilikwenda Mulekera, nikamweleza mama yako kila kitu. Alinipa kiti, nikashindwa kukaa. Aliweka mikono juu ya kitenge chake.

“Bale batoto,” aliuliza mwishowe, “balikula?”

“Balikula, mama. Balishiba.”

Akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani, akafunga mlango.

Lala salama, dada. Sikuombi kitu.

Mwenzako aliyekukana,
Kambale