Hakuwa Mtoro

Jumatatu, 2 Juni 2025

Meseji imeingia tena kwenye simu ya Sixbert. Amekosa kliniki, afike haraka. Na sisi tumemzika tangu Februari!

Bado naichaji hiyo simu. Labda kwa sababu mlio ni ule ule, na ikilia namsubiri kidogo aitikie kutoka uani.

Meseji zinatoka kwa watu wa chuo kikuu, wale wa utafiti wa dawa za presha. Mume wangu alijiunga mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Kesho ikiwa kliniki, leo anapiga viatu rangi. Asubuhi anafunga kifungo cha juu kabisa cha shati, utadhani anakwenda kuposa. Hakukosa hata mara moja. Akirudi ananiletea peremende, imeshalainika mfukoni.

Sasa wanamwambia amekosa.

Alhamisi, 5 Juni

Leo wamepiga kabisa. Kijana wa kiume, ana haraka. Anauliza mwenye simu yuko wapi. Nikamwambia njoo nyumbani — Mandewa, nyuma ya mashine ya kusaga. Akasema yuko mbali, nimweleze hapo hapo. Nikarudia, njoo nyumbani. Akasema haya mama, basi nitaandika mtoro. Akakata.

Mtoro! Ndivyo wanavyowaita wale wanaoacha dawa.

Ningemwambia nini? Kifo hakisemwi kwenye simu. Kwetu mtu anakuja, anapewa kigoda, anakunywa maji, ndipo anaambiwa. Shemeji yangu wa Itigi alipofariki, walimtuma mtu apande gari siku nzima aje anikalishe chini. Mama alisema habari ya msiba ukiirusha hewani haina wa kuipokea.

Kwenda mwenyewe kliniki nilijaribu, mwezi wa nne. Nikafika mpaka kwenye lile benchi lake. Nikageuka.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Baada ya ibada amekuja shemeji Filipo, kaka yake mkubwa Sixbert. Nilichinja jogoo. Nikamweleza habari ya simu. Akacheka, akasema laini yenyewe niitupe chooni, wamtafute huko. Halafu akaniuliza neno lile nilirudie. Nikarudia.

Akaacha kucheka. "Ndugu yangu mtoro? Yule aliyekuwa anamwahi nesi kabla hajafungua mlango?"

Akasukuma sahani. Ila paja alilimaliza.

Kasema wakija aitwe, msemaji wa ukoo ni yeye. Nikamuuliza nani atakuja, shemeji. Watu wa chuo wanatembea kwa kompyuta.

Kinachonichoma si meseji. Ni kwamba huko chuoni kuna mahali jina lake limekaa, na pembeni yake uongo. Na mimi ndiye ninayejua, na mdomo haufunguki.

Jumanne, 10 Juni

Wamepiga tena. Sauti ya msichana. Nilijiandaa kununa.

Akaanza na shikamoo. Akaulizia alizeti, akaulizia huu upepo — kwa Kinyiramba chetu! Anaitwa Jenipher, kwao ni Kinyangiri. Hakuuliza mwenye simu yuko wapi. Hata kidogo. Alisema tu, "Mama, nimeona hapa kwamba mwenzangu ulimwambia njoo nyumbani. Kesho nakuja."

Nilikaa chini palepale jikoni. Ugali ukashika sufuria.

Nimefagia uwanja. Jioni nikaufagia tena.

Jumatano, 11 Juni

Wamekuja.

Walikuwa wawili. Jenipher ni mdogo wa umbo, kilemba cha bluu, viatu vya vumbi. Aliyekuja naye ni kijana mrefu, Godfrey, wa Dar es Salaam. Alipofungua mdomo kusalimia nikaijua sauti. Ndiye yule wa haraka! Alinipa shikamoo huku anaangalia kuku.

Filipo alikuwa ameshafika, amevaa koti la msibani. Nikatoa vigoda, nikatoa maji. Wakanywa. Jenipher alishika kikombe kwa mikono miwili, akangoja. Na yule kijana, kwa kumtazama yeye, akaweka simu mfukoni.

Ndipo Filipo akasema. Kwamba mdogo wake ametutoka mwezi wa pili, asubuhi, kwa kiharusi. Kidonge alikuwa ameshameza. Kikombe cha uji kilikuwa bado mkononi, na haukumwagika wote.

Jenipher akanipa pole kwa lugha yetu. Pole ndefu, ile ya wakubwa. Hakuandika kitu mpaka nilipoleta chai.

Nikauliza langu. Mlimwandika mtoro?

Godfrey akasema ndiyo mama, ni mimi. Hakujitetea. Filipo alitaka kusimama, nikamvuta koti.

Jenipher akatueleza kazi zao. Wako idara ya takwimu za afya, na kila mtu ana fungu lake la utafiti. Mwalimu wao mmoja anachora ramani, kuonyesha ni vijiji gani viko mbali na dawa. Mwingine kazi yake ni muda — haulizi tu kama mtu aliugua, anauliza alikaa mzima kwa muda gani kabla. Godfrey fungu lake ni kura. Dawa ziko aina mbili, na anayepata hii au ile hachaguliwi na daktari wala hajichagulii, ili asiwepo wa kupendelewa.

"Kumbe wewe ndiye mchezesha bahati nasibu!" Filipo akamwambia. "Haya, ndugu yangu alishinda nini?"

Godfrey akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Akasema hata yeye hajui. Kura zimefungwa mpaka utafiti uishe. Filipo akamwambia huo ni mchezo wa ajabu, mwenye duka hajui anauza nini.

Nikamuuliza Jenipher, na wewe fungu lako?

"Mimi ni walionyamaza, mama."

Akasema kuna wataalamu wanaowaondoa hao, wanabaki na wanaojibu, hesabu inakuwa safi. Lakini watu hawanyamazi ovyo. Huyu kahama. Yule kapata nafuu, kaona dawa ya nini. Mwingine amefariki, na waliobaki hawasemi kwenye simu. Ukiwafuta wote kwa pamoja, dawa nzuri inaweza kuonekana mbaya, au mbaya ikaonekana nzuri, na watapewa watu wengine. Ndiyo maana aliposoma njoo nyumbani alishtuka. Bibi yake naye yuko hivyo hivyo.

Nikauliza na ule muda wote aliomeza vidonge vyenu, umepotea?

"Haujapotea hata siku moja. Tangu alipoingia mpaka alipoanguka, wote ni wake, na wote umo."

Akafungua kompyuta, akanigeuzia. Mahali palipoandikwa mtoro akapafuta mbele yangu. Akaandika amefariki, na tarehe, na kwamba alihudhuria kliniki zote. Filipo akataka isomwe kwa sauti, na msomaji awe yule aliyeandika mwanzo. Godfrey akasoma. Akasoma polepole, kama kanisani.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Wakati wa kuondoka nilimpa Jenipher tetea. Godfrey ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, amenyoosha mikono mbele, kuku anamtazama yeye anamtazama kuku. Filipo amecheka mpaka sasa hivi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimelala vizuri. Nimeamka jua limeshatoka, jambo la aibu kwa mjane, lakini nani ananiona.

Leo nimeweza kukunja mashati yake. Kwenye mfuko wa lile la kliniki kulikuwa na peremende, imegandana na karatasi yake. Alisahau kunipa. Au aliificha.

Nimeila. Na karatasi kidogo.

Ijumaa, 27 Juni

Siku ya kliniki. Hakuna meseji.

Niliiweka simu yake mezani karibu na chumvi, nikangoja mpaka nikasonga ugali. Kimya. Nilifikiri itaniuma sana. Imeuma kiasi. Maana huu si ukimya wa kusahauliwa — wananyamaza kwa kuwa wanajua.

Nimeizima. Chaja nimempa binti wa jirani.

Jioni simu yangu mimi ikaita. Jenipher. Kasema tetea ameanza kutaga. Halafu akasema la kazi. Kuna nyumba huko Shelui, mwanamke anapokea simu vizuri, anasalimia vizuri, lakini akiulizwa mume yuko wapi hasemi ila njooni nyumbani. Anakwenda Jumatatu. Hataki niseme kitu. Anataka tu asiingie peke yake.

Nikasema nitakuja.

Nimemwambia Filipo. "Shemeji umeshakuwa mtu wa chuo! Joho utashona lini?" Lakini ameniletea koti lake la msibani. Kasema Shelui asubuhi kuna baridi na upepo wa malori.

Jumatatu, 30 Juni

Shelui. Naandika ndani ya gari, ndiyo maana mwandiko huu. Malori yamejipanga barabarani, madereva wanakunywa supu. Jenipher ameshuka kuulizia nyumba kwa balozi wa nyumba kumi.

Njiani hatukuongea sana. Aliniuliza Sixbert alipenda nini. Nikamwambia kuwahi. Akacheka, halafu akafuta macho.

Sijui nitamwambia nini huyo mama. Mumewe huenda amehama tu. Huenda yuko machimboni, ni mzima, na mimi nimevaa koti la msibani bure. Naomba iwe hivyo.

Jenipher ananipungia mkono. Nyumba ni ile ya bati jekundu, naiona kutoka hapa. Mwanamke yuko uani anafagia. Ametuona. Ameegesha ufagio ukutani, ameingia ndani.

Ametoka na vigoda. Viwili, ameviweka kivulini, anavipangusa kwa kanga. Sasa ameingia tena —

Ametoka na maji.