Pembe ya Kondoo wa Baharini

Kaka Karisa, salamu kutoka Migori. Huku jua linachoma, na jana niliponea chupuchupu kuitwa mwizi.

Lile jiwe la konokono wa kale, lililojikunja kama pembe, tulilochimbua mwambani huko nyumbani, nililibeba niwaonyeshe wakwe zangu. Kulitoa tu mkobani sokoni Ogwedhi, mzee mmoja akanishika mkono. "Hii ni pembe ya kondoo yangu!" Kweli, kondoo wake alikuwa na pembe moja.

Nikamweleza kwamba ni mnyama wa bahari, aligeuka jiwe kabla ya watu kuwepo.

"Mwizi hakosi maneno," akasema. Watu wakajaa.

Mama mmoja muuza mbuzi akalijaribisha kichwani mwa kondoo, upande usio na pembe. Likakaa sawasawa! Nikajiona kituo cha polisi. Kisha akalipeleka upande wenye pembe, likafanana na pembe ya huko pia. "Hakuna pembe moja inayokaa kulia na kushoto pia," akaamua. "Mzee, rudishia huyu dada jiwe yake."

Mzee akaniomba radhi, halafu akanong'ona, "Lakini hao kondoo wa bahari hukula nini?"

Nilimwonea huruma, nikamwambia mwani. Sasa anataka gunia zima, kondoo wake aote pembe. Tafadhali anza kuanika.

Wabusu watoto. Nimewakumbuka mno.

Dada yako, Kadzo