Kabla Deni Halijahama

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Wewe uliyeliokota daftari hili — tafadhali, lifunge. Kama umeshaanza kusoma, basi neno lisitoke kinywani mwako. Si kwa mama yangu kule Bohol, si kwa wenzangu wa chumbani, na hasa si kwa mtu yeyote wa ofisini. Nakuomba sana.

Nadaiwa peso elfu themanini na sita. Kadi ya mkopo. Na vitu vyenyewe nusu yake sijawahi hata kuvigusa! Friji iko kwa Dada Weng, meza ya pili kutoka kwangu ofisini. Simu anayo binamu yangu. Tiketi za ndege za Kaka Bebot, dereva wetu, zilitumika tangu Pasaka. Hapa Cebu, kama Ufilipino yote, ukiwa na kadi, ni ya wote. "Nilo, nipitishie na mimi kwenye kadi yako, nitakulipa kidogo kidogo." Walilipa miezi miwili, kisha kimya. Na mimi kudai siwezi. Nafungua mdomo niseme, kinachotoka ni "Umeshakula?"

Kila mwezi nalipa kile kiwango cha chini kabisa, riba inakimeza, deni liko palepale.

Leo nimeona njia. Benki nyingine inakubali kulihamisha deni: wao wanalilipa lote kwenye kadi ya zamani, mimi nawalipa wao kwa miaka miwili, kwa riba ndogo sana. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nimejaza fomu kwenye simu, nikigeuka nyuma kila mara kama naiba.

Alhamisi, 7 Novemba 2024

Wamejibu! Kila kitu sawa. Limebaki jambo moja: watapiga simu ya mezani ya ofisi kuhakikisha kwamba nimeajiriwa.

Simu ya mezani iko kwa Dada Weng.

Nimwambie? Atauliza deni gani. Nikijibu, nitakuwa nimemdai friji yake mbele ya watu wote. Na Madam Perla, mkubwa wetu, atasikia. Kazi yetu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, na mimi ndiye ninayeshika pesa zao za ushuru kabla hazijapelekwa forodhani. Nani atamwachia pesa karani mwenye madeni? Hapana. Nitanyamaza. Ni swali moja tu, jibu ni ndiyo.

Ijumaa, 8 Novemba 2024

Kutwa nzima nimeruka kila simu ilipoita. Moja ilitoka kwa wanaomdai Kaka Bebot. Dada Weng hakupepesa jicho. "Bebot? Oo, dada yangu, umechelewa! Aliacha kazi. Yuko Dubai, anaendesha lori." Bebot mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, anatafuna ndizi ya kukaanga. Ofisi nzima hoi kwa kicheko. Hata Madam Perla: "Msalimie bosi wako Mwarabu!"

Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Chumbani tuko wanne. Wenzangu watatu hufanya kazi usiku, kwa hiyo mchana wanalala, mapazia yamefungwa, natembea kwa ncha za vidole. Sijui sauti ya hata mmoja wao ikoje.

Nilitoka kwenda kula uji wa mchele. Mama muuzaji akauliza, "Mmoja tu?" Mmoja tu.

Mama alipiga. Shangazi Luding anataka mashine ya kufulia, nimpitishie. "Umefika mbali, mwanangu. Huku wote wanakutaja wewe." Nikasema mtandao mbaya, sisikii. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilimsikia hata jogoo wa jirani.

Jumanne, 12 Novemba 2024

Imetokea.

Saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye mashine ya fotokopi, karatasi imekwama, nimeinama. Nikasikia: "Benki? Nilo Abrenica? Aa, bwana, huyo aliacha kazi siku nyingi! Yuko Dubai na mwenzake!" Simu chini.

Dada Weng akanigeukia, akanikonyeza. "Nimekuokoa, mdogo wangu! Kumbe na wewe unawindwa? Mtu mpole hivi!" Wakapiga makofi. Bebot akanikumbatia. "Karibu Dubai, ndugu yangu! Joto ni kali, lakini benki hazifiki." Bahati yangu, Madam Perla alikuwa bandarini.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Asante, Dada." Asante!

Akanisogezea kipande cha keki ya muhogo. "Usiogope. Hapa hatuuzani." Alisema kwa upendo kabisa. Friji hakuikumbuka — naapa hakuikumbuka. Nikala.

Jumatano, 13 Novemba 2024

Ujumbe wa benki: wameshindwa kuthibitisha ajira yangu. Watapiga mara ya mwisho kesho. Niandike saa inayofaa na jina la mtu wa ofisini atakayenithibitisha.

Jina la mtu.

Nimepitia majina yote kwenye simu yangu. Nikiugua, nusu yao watakuja na supu. Lakini wa kumwambia, "Nadaiwa, naogopa, sema ndiyo kwa ajili yangu"? Nilifika mwisho wa orodha nikaanza upya.

Jioni nilijikaza. Nikasimama mbele ya meza ya Dada Weng. "Dada..."

"Nini, Dubai?"

Wote wakacheka. Hilo ndilo jina langu sasa. Nikasema naomba stepla.

Alhamisi, 14 Novemba 2024

Saa sita na robo. Wameshuka wote kula. Nimesema tumbo linaniuma. Dada Weng akaniwekea mkono kwenye paji la uso, kama mama. Nilikaribia kulia. Akaenda.

Nimekaa kwenye kiti chake. Bwana Ramil, niliyewatajia benki, hayupo katika ofisi yetu, hajawahi kuwepo. Sauti yake nimeijaribu chooni, nzito kidogo kuliko yangu. Asubuhi niliwatumia benki maneno haya, nayanakili nisije nikajichanganya:

Pigeni namba ileile ya mezani, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Baada ya hapo msipige. Akipokea mwanamke, semeni mmekosea namba. Akipokea mwanamume, huyo ni Bwana Ramil wa utumishi. Mwulizeni kama Nilo Abrenica anafanya kazi hapa. Anamfahamu vizuri. Simu ikiita mpaka ikakatika, tafadhali rudieni. Yupo. Amekaa peke yake karibu na simu.