Kificho chenye Dirisha Moja

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimerudi na miba vidoleni na harufu ya mierezi mpaka kwenye masharubu. Kificho cha kuwindia kulungu kimeanza! Kiko shambani kwa Bernard, kaskazini ya Pickering. Mzee mkarimu, ana mbwa kiziwi, katupa ruhusa kwa maandishi.

Hakuna aliyenifundisha. Nimekaa wiki tatu natazama kulungu wanapita wapi na upepo unatoka wapi. Ukuta ni gogo lililoanguka lenyewe. Mbele matawi makavu, ya kuokota. Tawi la kukata linanyauka baada ya siku mbili, na kulungu anajua kuna mgeni. Nyuma kichaka, ili kichwa cha mtu kisichoreke angani. Ndani nimefagia majani yote. Jani kavu chini ya kiatu ni honi.

Mpigaji ni shemeji Rameez, mume wa mdogo wangu Kawthar. Ana kibali cha bunduki. Rafiki yangu Urbanus naye anacho, na anapiga vizuri kuliko sisi wote ukituunganisha, lakini Urbanus ni Mkatoliki. Akipiga yeye, nyama hailiki kwetu. Lazima bunduki ashike Mwislamu, aseme Bismillah risasi inapotoka. Na Rameez ameshawaahidi watu wa msikitini nusu ya mnyama. Basi Urbanus atapita upande wa kijito, awasukume kulungu waje kwetu. "Mwaka huu mimi ndiye mbwa wenu," akasema, anacheka.

Jambo dogo. Nilifunga utepe wa rangi ya machungwa kwenye mti wa kushoto, hatua arobaini. Nikamwambia Rameez alenge pale, bunduki tupu. "Pale wapi, shemeji?" Nikadhani utani, nikacheka.

Yeye hakucheka.

Jumatano, 15 Oktoba
Chakula cha jioni kwa Kawthar, North York. Nilikwenda kula, nikafanya upelelezi.

Nilikiweka kichupa cha chumvi kushoto kwa Rameez, karibu na kiwiko. Akaangaza meza nzima. "Chumvi iko wapi?" Nikakihamishia kulia—akakichukua mara moja. Nikakirudisha kushoto. Kimepotea tena!

Kawthar: "Kaka, unacheza drafti na chumvi?"

Nikasema nanyoosha mkono. Pilau ilikuwa nzuri, nadhani. Sikuionja. Mtu huyu anaendesha lori barabara kuu siku tano kwa wiki.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimemuuliza. Garini, tumeegesha nje ya jengo langu hapa Weston, ili asipate pa kwenda.

Alifuta kioo cha mbele kwa kiganja, kikafanya ukungu tena. Kisha akasema ni presha ya macho. Daktari alimpa dawa ya matone, akamwambia arudi Januari. Hakurudi. Akirudi, daktari ataandika kwa watu wa leseni. Akiandika, lori limekwenda. "Mtanilea ninyi, shemeji? Mimi na dada yako na watoto?"

Kawthar anajua? Hajui. Nisimwambie.

Na uwindaji je? Kulungu mmoja tu, anasema. Ameahidi. Akijitoa watu watauliza sababu, na watu wetu wakianza kuuliza hawaachi mpaka wafike jikoni.

Nami, simba wa Weston, nikajibu: "Sawa."

Neno moja.

Jumamosi, 25 Oktoba
Nimekwenda peke yangu kumalizia kificho. Nimepata hila.

Dirisha moja tu. Jembamba, linatazama kulia, kwenye mteremko wa udongo. Risasi ikikosa, itazikwa. Kushoto, upande wa kijito atakaopita Urbanus, nimeziba kabisa: visiki, magogo, matawi niliyosuka kama ukili, kamba ya katani juu yake. Bunduki haigeuki huko. Sikumnyima mtu lori lake wala ahadi yake. Nilijisifu kwa sauti, porini, kama mwendawazimu.

Urbanus akatokea kukagua. Akazunguka mara mbili. "Mohsin bwana, hiki kificho au nyumba? Huku umeziba kama una ugomvi na jirani."

"Upepo," nikasema.

Nikamuuliza atavaa nini. Kizibao na kofia ya machungwa, kama sheria inavyotaka. "Usiwe na wasiwasi. Hata kipofu ataniona."

Nikaanza kukaza kamba iliyokwisha kazwa.

Alhamisi, 30 Oktoba
Nimempigia Urbanus mara mbili ili nimwambie. Mara zote mbili nimeuliza habari za gari lake. Gari ni zima.

Jumamosi, 1 Novemba
Kawthar amepiga simu. Amenunua friza ndogo. Ananiuliza kulungu anataka masala gani. Ana furaha. Nikasema kitunguu saumu kingi.

Jumatatu, 3 Novemba
Ndani ya kificho. Kuongea marufuku, kuandika hakuna aliyekataza.

Tuliswali karibu na banda la Bernard, tukaingia gizani. Kulipopambazuka Rameez akatoa msumeno wa kukunja. Akanong'ona: "Shemeji, umetufungia mno. Kulungu wanatoka kushoto, nitawapigaje?" Nikasema upepo. Akasema upepo gani. Akakata. Jumamosi zangu zote—dakika mbili! Kushoto sasa kuna tundu la kutosha kupitisha mbuzi.

Nikamwacha akate. Bunduki ilikuwa imejazwa, na mwenyewe ana furaha. Ni visingizio. Niliogopa tu.

Saa moja na nusu vijiti vilivunjika kushoto. Rameez haoni huko, lakini masikio yake ni ya paka. Akageuka, mtutu ukatoka kwenye tundu. "Dume," akanong'ona. "Kubwa."

Nikatazama. Kofia ya machungwa. Urbanus, amesimama kati ya mierezi, anapangusa pua.

Rameez akaanza: "Bismi—"

Nikakohoa. Ndicho nilichoweza. Miaka sitini na moja duniani, na ujasiri wangu wote umetoka kama kikohozi. Urbanus akasogea nyuma ya miti. Mtutu ukashuka.

"Umemfukuza, shemeji! Alikuwa na pembe!"

Alikuwa na leso.

Saa mbili kasoro. Rameez ametoka kujisaidia nyuma ya gogo. Bunduki ameiegemeza hapa, pembeni yangu. Sijawahi kugusa bunduki. Lakini asubuhi niliitazama mikono yake alipoijaza, nikafanya kinyume. Risasi tatu. Ziko mfukoni mwangu, nzito kuliko nilivyodhani.

Nimempigia Urbanus. Hapokei. Ujumbe wake umeingia: *Naanza raundi ya pili, nakuja polepole kushoto kwenu. Mwambie shemeji yako atulie.* Nikajibu: *Usije. Rudi kwenye gari.* Alama moja tu. Haujafika. Huko kijitoni mtandao ni wa kubahatisha.

Rameez amerudi. Amekaa. Amechukua bunduki, ameipima mkononi kama mtu anayepima papai.

"Shemeji, mbona imekuwa nyepesi?"

Sijainua uso. Naendelea kuandika, ili nionekane nina shughuli. Amefungua. Amechungulia. Ananitazama, nahisi.

Anatia mkono kwenye mfuko wa koti lake. Ana nyingine.

Moja imeingia. Vijiti vinavunjika, kushoto, karibu kuliko mara ile. Ya pili. Naandika nini mimi—