Ulimwambia Muuguzi Ulikuwa Mvivu Tu

Baba,

Shikamoo. Majibu ya damu waliyotutoa pale kijijini Gitting yametoka. Tulikuzika kabla ya mavuno ya mwaka jana, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukiyaulizia, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Nianze na masika yale, ulipokuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali. Homa ilikushika siku chache, ikaisha. Magoti na viwiko havikupona. Ulishindwa kupanda trekta. Walikupima malaria, hawakuona kitu, na msimamizi akaandika kwamba wewe ni mzima. Kwetu homa ilikuwa malaria. Kama si malaria, ilikuwa uvivu. Ulikaa juani nyuma ya nyumba, mama akikufungia vifungo vya shati. Mjomba akaja.

"Shemeji, mbu gani huyu anauma magoti tu, tena msimu wa kazi?"

Ulicheka. Na mimi nilicheka. Kabla ngano haijakomaa mwingine alipewa trekta, na jina la Mvivu likakufuata hadi kilabuni.

Walipokuja wapima damu, miaka mingi baadaye, nilikuwa nimeanza kuandikia gazeti. Nilikusindikiza na daftari langu. Mbele yetu alisimama mzee mfugaji kutoka Hirbadaw, akamwambia muuguzi kwamba ng'ombe wake hutolewa damu nyingi kuliko hiyo na halalamiki. Kisha ikawa zamu yako, muuguzi akauliza.

"Baba, uliwahi kuumwa homa, viungo vikauma muda mrefu?"

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa mvivu tu."

Foleni nzima ilicheka. Muuguzi akaandika hapana. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na jibu nilikuwa nalijua. Niliandika kwamba watu walicheka.

Walichokuwa wakitafuta ni chikungunya, virusi vinavyoenezwa na mbu, na alama zake hubaki kwenye damu miaka mingi. Wengi wetu tumewahi kuvipata, wakulima na wafugaji, wakiwemo wengi waliojibu hapana. Niliuliza kuhusu wewe. Daktari alisema chupa zina namba, hazina majina. Kikaratasi cha namba yako ulikisokotea tumbaku kabla hatujafika nyumbani.

Kwa hiyo gazetini sikuandika kwamba uliugua. Niliandika kwamba wengi waliugua bila kujulikana. Mjomba alisoma, akakunja gazeti.

"Basi tulimsema mtu bure."

"Haijathibitishwa, mjomba," nilimjibu.

Sikusikia uchungu wala nafuu. Nilikwenda kulisha kuku.

Jana nimelifungua lile daftari. Ukurasa wa siku ile una foleni, mzee wa Hirbadaw, maneno yako na kicheko. Nimechukua kalamu, nikaandika pembeni jibu nililopaswa kumpa muuguzi: Ndiyo. Masika yote. Hakuweza kufunga vifungo vya shati lake.

Pumzika, baba.

Binti yako wa kwanza